Maswali na Majibu: Mhuri wa Mbunifu Haukodishwi

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, mhuri wa mbunifu majengo, ule anaougonga kwenye ramani kuthibitisha kwamba mchoro ni wake. Wapo wanaoutafuta, wapo wanaoukodisha, na wapo walioulipia bila kujua wamenunua nini. Nimechukua chache.

Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza shahada ya ubunifu majengo Chuo Kikuu Ardhi mwaka jana. Mtaani wananiita msanifu, nami nimeshaandika "Mbunifu Majengo" kwenye kadi zangu za kazi. Kuna tatizo? – Mhitimu, Mbezi

Marahaba mwanangu. Tatizo lipo, ziondoe kadi hizo leo. Chuo kimekupa shahada, lakini cheo cha mbunifu majengo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (hawa wa pili ndio wanaokadiria gharama za ujenzi), kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Nenda ukajiandikishe kama mhitimu, ingia kwenye ofisi ya mbunifu aliyesajiliwa, fanya mafunzo ya vitendo huku ukijaza daftari la kumbukumbu za kazi, kisha ukae mtihani wa bodi. Wengi wenu mnaiona hatua hii kama foleni ya kupoteza muda. Mwenye kiwanja hawezi kutazama mchoro akajua kwamba njia ya kutokea wakati wa moto imesahaulika. Anachoweza kusoma ni cheo kilichoandikwa chini ya jina lako, na kwa sababu hiyo sheria inakilinda.

Mwalimu, bosi wangu anasaini daftari langu la mafunzo kila mwisho wa robo mwaka bila kusoma. Nimeandika kwamba nilikagua msingi ambao sikuwahi kuuona. Wenzangu wanasema ndivyo kila mtu anavyofanya. Nifanye nini? – Sitaki jina, Dodoma

Umefanya vema kuuliza kabla ya mtihani.

Ofisi niliyoanzia kazi ilikuwa hivyo hivyo. Mchana mmoja mkubwa wetu alisaini kurasa za miezi sita za mwenzangu huku akiongea na simu. Mwaka uliofuata tulikuwa saiti, siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, na fundi mkuu akamuuliza mwenzangu kama nondo zimeinuliwa vya kutosha, maana vile vipande vya zege vya kuzishikilia juu vilikuwa vimeisha na nondo zimelala kwenye nailoni. Mwenzangu alitazama, akasema endeleeni. Hakuwa mzembe, bali hakuwahi kusimama pale na mtu wa kumwonyesha. Daftari lilisema ameshasimama mara nane.

Kwa hiyo, kwanza futa ulichoandika cha uongo, andika ulichokifanya kweli hata kama ni kuchora milango mwezi mzima. Pili, mwombe bosi wako kwa heshima akupeleke saiti, na umtajie tarehe. Akikataa mara mbili, hama ofisi. Mafunzo yakiwa ya kweli utakaa mbele ya watahini ukisimulia mambo uliyoyaona kwa macho, nao husikia tofauti hiyo katika dakika tano za mwanzo. Na ninyi mnaosaini msichokisoma, jueni kwamba kijana huyo mnampeleka kwenye zege akiwa kipofu.

Habari za kazi. Nina ramani nzuri ya ghorofa tatu niliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Nahitaji mtu wa kunigongea mhuri tu ili halmashauri wanipe kibali. Bei ya mhuri ni kiasi gani? – Mjenzi, Kigamboni

Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba sikutaka kulichapa tena. Nimelichapa kwa sababu ya hizo ghorofa tatu.

Kaka, mhuri hauna bei, kwa kuwa hauuzwi. Mbunifu akigonga mhuri anasema: mchoro huu ni wangu, nimefika kwenye kiwanja hiki, na nitajibu kitakachotokea. Ramani ya rafiki yako ilichorwa kwa udongo mwingine na mipaka mingine, labda kwa upepo wa Arusha. Kigamboni kuna sehemu ukichimba mita moja unakuta maji. Nani amepima udongo wako? Mhandisi gani amekokotoa nguzo zako? Atakayekugongea mhuri bila kuuliza maswali hayo ndiye mtu hatari kuliko wote utakaokutana nao katika ujenzi huu, na siku nyumba ikipasuka hapatikani kwenye simu.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo, Jumamosi, watu wakiwa madukani, wakafa zaidi ya 20. Kila baada ya msiba wa aina hii inaundwa kamati, na majengo ya jirani yanakaguliwa. Mimi ningependa ukaguzi uanzie kwa yule anayeuza mhuri wake kwa bei ya simu. Bodi ina mamlaka ya kumfuta kwenye daftari la usajili. Ukimjua, peleka jina lake huko kwa maandishi.

Wewe tafuta mbunifu, mpeleke kiwanjani, mlipe kwa kazi yake. Ramani ya rafiki mwonyeshe, ajue unapenda nini.

Tofauti kati ya bodi ya wabunifu, ya wahandisi na ya makandarasi ni nini? – Mwanafunzi, Mbeya

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu mfululizo: Na. 15 ya wahandisi, Na. 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Na. 17 ya makandarasi. Ile ya wabunifu ndiyo iliyokuja kubadilishwa mwaka 2010. Anayebuni, anayekokotoa nguvu za jengo na anayejenga wana bodi zao tofauti. Mwanafunzi wa fani hii hapaswi kuniuliza mimi jambo hili.

Mbunifu wangu anasisitiza vigae vinunuliwe duka moja tu, na nimesikia analipwa kamisheni huko. Ni halali? – Mama Neema, Mwanza

Si haki hata kidogo, dada yangu. Mbunifu analipwa na wewe, na anapaswa kukushauri kwa faida yako peke yako. Akipokea chochote kwa muuzaji, hata ushauri wake kuhusu nondo na saruji huwezi tena kuuamini. Muulize mbele ya mkadiriaji majenzi wako, na umwombe akuandikie sababu za kuchagua duka hilo. Akishindwa kuziandika, una malalamiko ya kupeleka bodi. Halafu naona hukumtaja mkadiriaji popote katika barua yako. Kama huna, hilo ni kosa kubwa kuliko vigae. Yeye ndiye angekuambia bei ya vigae sokoni kabla hujamsikia mbunifu.

Mimi ni mbunifu niliyesajiliwa Kenya. Nimepata mteja Tanga. Nikivuka na vyeti vyangu inatosha? – Msanifu, Mombasa

Haitoshi. Usajili wako kwa sheria ya Kenya, ile Sura ya 525 iliyorithiwa tangu ukoloni, unaishia mpakani. Mwaka 2011 bodi za wabunifu wa nchi za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo hutaanza moja kama mwanafunzi, lakini bado unaomba usajili huku kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Wasiliana na bodi ya Tanzania mapema, na utafute mwenzako wa Tanga anayeijua halmashauri na mvua za pale. Makubaliano haya ni mazuri, na inaniuma kuona wanaoyatumia ni wachache huku michoro ikivuka mpaka wa Lungalunga kwa barua pepe kimyakimya.

Nimerithi nyumba Mji Mkongwe. Mbunifu wangu wa Dar anaweza kuitengeneza? – Mrithi, Unguja

Zanzibar ina bodi yake, ambako wabunifu, wahandisi na wakadiriaji wamewekwa pamoja. Usajili wa Bara haukutoshi huko. Zaidi ya hapo, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka ya hifadhi ambayo lazima ikubali kabla hujagusa hata dirisha. Nakusihi usikubali saruji juu ya kuta zile za mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta na chokaa ya zamani hulegea. Tafuta fundi wa chokaa kwanza, mbunifu atakuja kumsikiliza.

Binti yangu yuko kidato cha pili, anachora vizuri sana. Anasema hesabu hazimhusu kwa kuwa atakuwa msanifu. – Baba Rehema, Morogoro

Hesabu na fizikia zinamhusu. Mpeleke Kariakoo akaone soko lililobuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika ukanda wetu, likafunguliwa mwaka 1975. Mwonyeshe zile nguzo zinazopanuka juu kama miavuli, umuulize zimesimamaje.

Nitajuaje kama mbunifu wangu amesajiliwa kweli? – Wengi

Mwombe namba yake ya usajili na uilinganishe na orodha ya bodi, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Hakikisha usajili ni wake mwenyewe na uko hai mwaka huu, na kwamba kampuni yake nayo imesajiliwa. Uanachama wa chama cha wabunifu si usajili. Kisha tazama bango la saiti. Likiwa halipo, au jina lililoandikwa ni la mtu ambaye hujawahi kumwona kiwanjani, simamisha kazi hadi aje.