Jeli ya Dawa Hupenyaje Ngozini?

SWALI: Daktari amenipa jeli ya diklofenaki kwa maumivu ya goti badala ya vidonge. Je, dawa ya kupaka hufika ndani kweli, na nikipaka nyingi nitapata nafuu haraka?

JIBU: Hufika, ingawa kwa taabu. Tabaka la nje kabisa la ngozi, lenye seli zilizokufa zilizoshikamanishwa na mafuta, ni jembamba kuliko karatasi, lakini ndilo ukuta mkuu, nalo kwa kawaida hupitisha molekuli ndogo tu, zenye uzito usiozidi daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Insulini, yenye takriban 5,800, hukwama hapo. Katika jeli nyingi alkoholi hukauka upesi, dawa ikabaki imekolea juu ya ngozi, na hali hiyo huisukuma ndani. Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo sana kuliko cha vidonge, jambo linalolipunguzia tumbo madhara. Kuzidisha kipimo huongeza hatari tu, hasa ukifunika kwa plastiki au kukanda kwa joto. Usipake penye kidonda. Kwa wanaotumia jeli ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, nasisitiza sana: funikeni kwa nguo mahali mlipopaka, kwani mtoto akipagusa homoni hiyo inaweza kumwingia mwilini.