Maswali ya Wasomaji: Toleo la Kwanza Lenye Michoro ya Rangi?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Nimeanza kukusanya vitabu vya zamani vya hadithi za kutisha vilivyopambwa kwa michoro. Muuzaji mmoja wa London ananiuzia Tales of Mystery and Imagination cha Edgar Allan Poe chenye michoro ya Harry Clarke, naye anadai ni toleo la kwanza la mwaka 1919. Katika picha alizonitumia nimeona michoro ya rangi inayopendeza mno. Je, nimwamini? Na nikikipata, nikitunze vipi hapa Mombasa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu msomaji. Rangi hizo zilizokupendeza ndizo zinazomsuta muuzaji wako. Kampuni ya George G. Harrap ya London ilipokitoa kitabu hicho mwaka 1919, kilikuwa na michoro 24 ya kurasa nzima, yote ya wino mweusi. Michoro minane ya rangi iliongezwa katika toleo la mwaka 1923. Huenda muuzaji hana nia mbaya, na toleo la 1923 nalo hutafutwa sana, lakini usikubali kulilipia bei ya lile la 1919.

Mwombe akupigie picha ukurasa wa jina la kitabu, ukurasa ulio nyuma yake na orodha ya michoro, kisha aihesabu michoro mmoja baada ya mwingine akiilinganisha na orodha hiyo. Nasisitiza kuhesabu kwa sababu michoro ya vitabu vya aina hii ilichapwa kwenye karatasi za pekee na kuunganishwa na kurasa za maandishi baadaye, na tangu zamani wapo watu wanaoikata kwa wembe ili waiuze ikiwa ndani ya fremu. Nakala iliyopungukiwa na mchoro hata mmoja hushuka thamani vibaya, jalada lake liwe zuri namna gani.

Clarke, aliyezaliwa Dublin mwaka 1889 na kufariki mwaka 1931, alikuwa fundi mashuhuri wa madirisha ya vioo vya rangi, na ufundi huo unaonekana hata pale alipotumia wino mweusi peke yake. Huuacha weusi mzito utawale ukurasa, kisha ndani yake hutokeza nukta nyeupe na mistari myembamba kama unywele, ambayo ndiyo inayofanya nakshi za mavazi, vito na kope za wafu. Katika chapa za ovyo zilizonakiliwa haraka haraka, nukta hizo huzibana na vazi zima likageuka doa jeusi. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kuitazama michoro tu, asiyejali mwaka wa kitabu, atafaidi zaidi chapa mpya iliyonakiliwa kwa uangalifu kuliko nakala kuukuu iliyochakaa.

Kuhusu Mombasa, adui wako mkubwa ni unyevu. Karatasi inayong'aa ikilowa, kurasa hugandana, na ukizibandua picha hutoka nayo. Kiweke kitabu kwenye kabati linalopitisha hewa, mbali na jua na lisilogusa ukuta wa nje, na ukikague mara kwa mara usije ukawahiwa na mchwa au mende.

SWALI: Je, kitabu cha mizimu chenye michoro mingi ndicho chenye thamani zaidi?
Msomaji, Arusha

JIBU: La. Frankenstein cha Mary Shelley kilitoka mwaka 1818 bila mchoro wowote, na toleo la 1831 likapata mchoro wa ukurasa wa mwanzo uliochorwa na Theodor von Holst. Yote mawili yanawaniwa. Vilevile kuna Ghost Stories of an Antiquary cha M. R. James, kilichotoka mwaka 1904. Rafiki yake, James McBryde, ndiye aliyekuwa akikichorea, lakini alifariki mwaka huo huo akiwa amemaliza michoro minne tu, na mwandishi akakitoa kitabu na hiyo minne. Chapa nyingi za baadaye zimeiacha michoro hiyo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.