Hita ya papo hapo ya maji ya kuoga, ya 5.5 kW, nyumba ya mlimani Igogo, Mwanza

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuichomeka hita hii kwenye soketi ya bafuni iliyopo. Hapana. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni karibu ampea 24, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13, plagi inaweza kuyeyuka. Vuta laini yake yenyewe kutoka kwenye breka hadi hita: waya wa milimita za mraba 4, au 6 kama umbali ni mrefu, breka ya ampea 32, na swichi ya kukata nyaya zote mbili iwekwe nje ya bafu.

Jambo la kusisitiza ni ethi, yaani waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Huko kwenu ni mawe matupu, fimbo ya ethi haizami na udongo ni haba. Mwambie fundi aipime ethi kwa mita, asikisie. Halafu lazima kuwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Bila hiyo usioge nayo, nakusihi.

Maji: kila mita 1 ya kimo cha tenki juu ya hita inakupa presha ya ba 0.1 tu (ba ni kipimo cha presha). Linganisha na kiwango cha chini cha presha kilichoandikwa kwenye hita. Presha ikipungua chini ya hapo, hita haiwaki au inakatakata. Hapo inua tenki au ongeza pampu ndogo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua maji mpaka hewa yote itoke. Elementi (chuma cha ndani kinachopasha maji) ikiwaka kavu inaungua papo hapo.

Umeme ukishuka hadi volti 200, nguvu inabaki kama 4.2 kW, basi punguza maji kidogo ili yaendelee kupata moto.