Muulize Shangazi: Blanketi langu la mawimbi linaingia ndani pembeni

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ndo kwanza najifunza kroshia, nimeanza blanketi la mawimbi, lile la kawaida tu la mistari ya rangi rangi. Nilianza na mawimbi 10, katikati mpaka leo yamekaa vizuri kabisa ila pembeni linaingia ndani kila nikiongeza mstari, sasa hivi niko mstari wa 18 na limekuwa pana chini jembamba juu kama pembetatu iliyokatwa kichwa. Nimeangalia video mpaka macho yanauma, kosa silioni. Kuna namna ya kuokoa au nifumue? Mama Pacha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa lako nalijua bila hata kuliona blanketi, mana umeshasema mwenyewe kwamba katikati pako sawa. Liko mwanzo na mwisho wa mstari.

Blanketi la mawimbi ni kujumlisha na kutoa. Kwenye kilele unaongeza, kwenye bonde unapunguza, na ulichoongeza lazima kilingane na ulichopunguza, kikizidi linatanuka kama sketi ya marinda na kikipungua linabana kama hilo lako. Chukua wimbi la mishono 12 ambalo ndo napenda kuwaanzishia watu: mishono mirefu (ile ya kuzungusha uzi mara 1 kwenye sindano kabla ya kuchoma) 2 ndani ya shimo moja, tena 2 ndani ya shimo linalofuata, hicho ni kilele, alafu 3 ya kawaida ya kushukia, alafu unaunganisha 2 kuwa 1, unaunganisha tena 2 kuwa 1, hilo ni bonde, alafu 3 ya kupandia na unarudi kileleni. Hesabu na wewe hapo: umetumia mashimo 2, 3, 4 na 3, jumla 12, na umepata mishono 4, 3, 2 na 3, jumla 12 vilevile. Ndo mana katikati hapakusumbui.

Sasa njoo ukingoni. Pale wimbi limekatika katikati ya kilele, yaani una nusu kilele tu, kwa hiyo shimo la kwanza kabisa lazima lipate mishono 2 na la mwisho kabisa lipate 2. Hapa ndo wengi wanapopotelea. Unapandisha minyororo 3, hiyo inahesabika mshono mmoja, alafu unaenda moja kwa moja kwenye zile 3 za kushukia, wakati ulitakiwa uchome hapohapo kwenye mzizi wa ile minyororo upate mshono wa pili. Na mwisho wa mstari kuna mtego mwingine, shimo la mwisho liko kichwani mwa minyororo 3 ya mstari uliopita, limejikunja kwa nyuma halionekani kama shimo, mtu anadhani mstari umeisha anageuza kazi. Kwa mawimbi yako 10 unatakiwa kuwa na mishono 120 kila mstari. Usipoongeza pembeni unapoteza 2 kila mstari, 1 kushoto 1 kulia, mistari 3 tu 120 imekuwa 114 na ile mishono ya kushukia pembeni imeshaliwa yote.

Kuhusu kuokoa, hapana mwanangu, fumua. Najua inauma, nimeshafumua blanketi lililokuwa limefika magotini na nikalala bila kuongea na mtu, lakini ukisema uongeze mishono pembeni kufidia utapata uvimbe na mteremko utabaki palepale. Fumua taratibu huku unahesabu, mstari wa kwanza utakaokupa 120 simama hapo. Ukiona hakuna hata mmoja, anza upya na minyororo 123 (yaani 12 mara 10, ongeza 3), ruka 3, hizo ndo mshono wako wa kwanza, wa pili unachoma kwenye mnyororo wa 4 ukihesabu kutoka kwenye sindano, na hapo tayari nusu kilele chako cha mwanzo kimekamilika.

Alafu tafuta pini ndogo, weka moja kwenye kila kilele, katikati ya zile pea mbili, na kila mstari unazihamisha juu. Kilele kikae juu ya kilele. Siku utakayoona pini imeanza kusogea kushoto au kulia, rudi wimbi moja nyuma utalikuta kosa, huhitaji kufumua mistari 18.

Kingine nisisahau, hizo video. Marekani na Uingereza wanaita mshono uleule majina tofauti, mshono mrefu tunaousema hapa Wamarekani wanauita dabo na Waingereza wanauita trebo, ukichanganya video ya huku na maelekezo ya kule utashona kitu kingine kabisa bila kujua. Angalia mkono unafanya nini, jina achana nalo.

SWALI: Shangazi mimi kuunganisha 2 kuwa 1 ndo sijaelewa, huwa naruka shimo moja tu, si ni sawa? Mtoro wa Mabonde

JIBU: Hesabu itakubali lakini bonde litabaki na tundu, na kwenye blanketi vidole vya mtoto vinanasa humo. Shona mshono mrefu lakini usiumalizie, acha kitanzi chake cha mwisho kwenye sindano, ingia shimo linalofuata ufanye hivyohivyo, sasa una vitanzi 3 kwenye sindano, vuta uzi upite vyote kwa mkupuo mmoja. Ukifanya mara 5 mkono utakuwa umeshazoea.

SWALI: Langu limejikunja chini kama upinde, na pia nataka juu na chini linyooke, sipendi ile mikato ya mawimbi. Inawezekana? Bibi Harusi Mtarajiwa

JIBU: Kujikunja ni minyororo ya mwanzo umeibana. Safari nyingine minyororo itengeneze kwa sindano kubwa kidogo, kama blanketi unatumia namba 4 basi minyororo tumia 5, alafu urudi kwenye 4.

Kunyoosha inawezekana, unajaza mabonde. Mstari wa mwisho kileleni shona mshono mfupi (ule usiozungusha uzi kabla ya kuchoma) na usiongeze, ukianza kushuka nusu mrefu (unazungusha mara 1, alafu unavuta uzi upite vitanzi vyote kwa mkupuo), kisha mrefu, bondeni kabisa ule mrefu zaidi wa kuzungusha uzi mara 2, na hapo bondeni endelea kuunganisha 2 kuwa 1. Upande wa chini ni hivyohivyo ila geuza akili, mana ukiligeuza blanketi kilichokuwa kilele ndo kinakuwa bonde. Ila mimi nakuomba uyaache mawimbi yako! Mtu anaacha dizaini zote anachagua hii kwa sababu ya mawimbi, alafu mwishoni ayafiche? Zungushia mishono mifupi pembeni tu, kwenye kila mshono mrefu wa ukingoni weka 2, ukiona panaanza kuwa marinda punguza, linatosha na linapendeza.

SWALI: Ninunue uzi kiasi gani? Sitaki kuishiwa njiani. Fundi Mwanafunzi

JIBU: Tengeneza kipande cha mawimbi 2 kwanza, minyororo 27, shona mistari 12 hivi, alafu kipime urefu, upana na uzito. Tuseme kimetoka sentimita 15 kwa 20, hiyo ni 300, na kina gramu 12. Blanketi la sentimita 100 kwa 150 ni 15,000, yaani mara 50 ya kipande, kwa hiyo gramu 600, ongeza moja ya kumi kwa ajili ya pindo na mikia ya uzi. Nunua wote siku moja na hakikisha namba ya kundi la rangi kwenye lebo inafanana, mana rangi ileile ya kundi tofauti inaweza kutofautiana kidogo na utaiona ukishalitandika. Hicho kipande usikitupe, kifue kama utakavyofua blanketi ukipime tena, na kama uzi ni akriliki usikipitishie pasi ya moto, unalegea na haurudi tena.