Jibu: Kwa nini usharika uchangie misheni ya nje wakati nyumbani kuna shida?

Bwana Yesu asifiwe dada. Umeuliza kwa nini usharika wenu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) unachangisha misheni ya nje wakati kanisa la mtaa wenu, yaani tawi lenu la usharika, halijaezekwa, na mimi naona swali lako ni la haki kabisa. Ila kumbuka hata sisi tulikuwa "nje" ya watu wengine, wamisionari wa Leipzig, shirika la misheni la Ujerumani, walifika Machame kule Kilimanjaro 1893 kwa sadaka za Wajerumani ambao hawakuwahi kuuona mlima huo, halafu 1963 makanisa saba ya hapa kwetu yakaungana ndo tukapata KKKT, na baadae nasi tukaanza kupeleka wachungaji Kenya, Congo, Malawi na Msumbiji, jambo ambalo mimi linanifurahisha sana kwa kweli.

Na hela yenyewe si lazima itoke kwa matajiri. Kwetu Jumapili ya misheni bibi anakuja na kuku kamfunga miguu, mwingine mkungu wa ndizi au trei ya mayai, ibada ikiisha unapigwa mnada pale nje, kuku mmoja anauzwa hata mara tatu maana anayenunua anamrudisha apigwe mnada tena!

Misheni ya nyumbani nayo isisahaulike, mwinjilisti anayelea mtaa mchanga huko porini anahitaji posho na usafiri. Kwa hiyo kwenye mkutano wa usharika omba taarifa ya kamati ya misheni na uinjilisti, waulize kiasi gani kinabaki mtaani na kiasi gani kinaenda dayosisi, una haki ya kujua.