Mama akirudiwa na kansa ya ovari: kalenda ilitusaidia kuliko namba

Namba ya kwanza ilikuwa 19, ya pili 44, ya tatu 97. Kama una mzazi aliyewahi kuugua kansa ya ovari, yaani ya mifuko ya mayai ya uzazi, unajua naongelea nini, CA-125, kile kipimo cha damu ambacho kawaida yake ni chini ya 35 na karatasi yake moja tu inaweza kukunyima usingizi wiki nzima. Mama alikuwa na miezi 14 tangu amalize matibabu ya kwanza, upasuaji mkubwa na kemo, yaani dawa za kuua kansa, raundi 6 za kaboplatini na paklitakseli kila siku 21, nywele zilisharudi, anacheka na watu, mi nikajiaminisha kabisa kwamba limeisha. Halafu ndo ikaja hiyo 97.

Daktari akasema tusubiri. Yaani tusubiri! Mama hana maumivu, tumbo halijajaa, CT skani haionyeshi kitu cha maana, kwa hiyo turudi baada ya wiki kadhaa, au mapema zaidi akianza kujisikia vibaya. Nilitoka mle ndani nimenuna, nikampigia kaka nikamwambia huyu daktari kashachoka kazi tutafute mwingine. Mama yeye alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya kiti.

Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa aibu. Kuna utafiti ulitoka 2010, wanawake 529 ambao namba ilipanda wakiwa hawana dalili yoyote, nusu wakaanzishiwa kemo palepale na nusu wakaachwa hadi dalili zije zenyewe. Wale wa mwanzo walianza dawa karibu miezi 5 kabla ya wenzao ila hawakuishi zaidi ya wenzao, na walichopata cha ziada ni kuchoka mapema. Ni utafiti wa kabla ya vidonge vya siku hizi vya kuchelewesha kansa kurudi, na madaktari wengine namba ikipanda wanapiga skani mapema kuangalia kama kuna kitu kimoja au viwili vinavyoweza kukatwa vyote vikaisha, kwa hiyo sisemi kila mtu asubiri. Ninachosema ni kwamba kupanda kwa namba peke yake siyo moto wa kukimbia nao. Mama alipata miezi minne bila sindano kwa sababu ya yule daktari niliyetaka kumkimbia, na ndani ya hiyo miezi akasafiri safari aliyokuwa anaiahirisha tangu augue.

Maumivu ya tumbo yalipoanza na skani ikaonyesha vivimbe, swali la kwanza la daktari lilikuwa tarehe. Dripu ya mwisho ya platinamu ilikuwa lini? Hapa naomba usome polepole maana kwenye kansa hii ikirudi, mengi yanaanzia hapo. Kaboplatini ni dawa ya kundi la platinamu. Kansa ikirudi baada ya miezi 6 au zaidi tangu dozi ya mwisho wanahesabu kwamba bado inaisikia platinamu, unaweza kurudia ileile ukiichanganya na dawa nyingine na mara nyingi inafanya kazi. Ikirudi kabla ya miezi 6 wanasema imegoma, na hapo hesabu inabadilika sana. Siku hizi hawaikati kwa kisu hivyo, wanaangalia na mambo mengine, ila tarehe ile utaulizwa kila unapoenda, we iandike. Sisi tuliipekua kwenye mafaili mbele ya daktari kama watu waliopoteza funguo.

Tuliuliza pia kuhusu upasuaji wa pili. Jibu likawa hapana, na nashukuru alitueleza sababu badala ya kutikisa kichwa tu. Upasuaji wa marudio unamsaidia mtu aliyechaguliwa vizuri, mwenye nguvu zake, ambaye mara ya kwanza walitoa kila kitu, ambaye hana maji mengi tumboni, na ambaye daktari anaona anaweza kutoa vyote tena. Ukibakisha vipande faida inapotea na kidonda unabaki nacho. Mama mara ya kwanza walibakisha. Basi.

Sasa kalenda. Hiyo haikuwa akili yangu, ni ya mama. Kemo ya pili ilipoanza, kaboplatini na ile doksorubisini nyekundu, mzunguko wa siku 28, akachukua kalenda ya ukutani akaipigilia nyuma ya mlango wa chumba chake na kalamu tatu zimefungwa kwa uzi. Kijani, nimetoka nje na kufanya mambo yangu. Bluu, nusunusu. Nyekundu, sijatoka kitandani. Kila jioni anaweka alama moja, hamwelezi mtu. Mi nilidhani ni kitu cha kujiliwaza tu, kumbe alikuwa anakusanya ushahidi.

Kabla sijafika kwenye ushahidi wenyewe kuna kitu kimoja kilinitisha mno na hakuna mtu alikuwa ametuambia. Raundi ya pili ya hiyo kemo ya pili, yaani ukihesabu tangu mwanzo ni kaboplatini ya nane, dripu imeshatembea kidogo tu mama akaanza kujikuna viganja. Nikamwambia ni ukavu tu huo. Nesi alikuwa anapita na trei, akaviangalia vile viganja, akafunga dripu kabla hata hajaweka trei chini. Dakika moja baadaye uso wa mama ulikuwa mwekundu na pumzi fupi. Kumbe aleji ya kaboplatini mara nyingi haiji mwanzoni, inapenda kuja mtu akishazoea, dozi ya saba ya nane huko, kipindi ambacho we unayemsindikiza umeshaanza kuchezea simu. Kwa hiyo kama mzazi wako anarudia platinamu kaa macho, viganja kuwasha, uso kuiva, kifua kubana, ita mtu hapohapo usisubiri uhakika. Na aleji haimaanishi dawa imeisha kwake, wagonjwa wengi wanapewa tena taratibu, wanaanza na mchanganyiko dhaifu kabisa wanapanda ngazi kwa ngazi chini ya uangalizi. Mama alimaliza hivyo raundi zilizobaki, ilikuwa inakula siku nzima.

Na kipimajoto! Nunua kiwe nyumbani kabla ya kemo. Mtu aliye kwenye kemo joto likifika 38 hiyo ni simu ya saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, kinga iko chini na maambukizi hayasubiri asubuhi. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa uone, utaficha tu kitu ambacho daktari anatakiwa akione.

Katikati ya haya ndo wakapima jeni, BRCA1 na BRCA2, zile ambazo zikiwa na hitilafu hatari ya kansa ya ovari na ya matiti inapanda. Ningependa ingefanyika tangu siku ya kwanza, wewe ulizia mapema. Mama akakutwa na hitilafu kwenye BRCA1 na hii ilifungua mambo mawili. La kwanza, baada ya kemo kushusha ugonjwa akapewa vidonge vya olaparibu vya kushikilia hali isirudi haraka. Ni vidonge lakini usidharau, damu yake ilishuka hadi akaongezewa. La pili ni sisi watoto, maana kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kiume na wa kike sawasawa. Mama ndo alilia siku hiyo, yeye ambaye hakulia kansa ilivyorudi, akawa anasema nimewaachia nini wanangu. Kama utamweleza mzazi wako habari ya jeni tafadhali usimweleze kwenye korido kama nilivyofanya mimi. Mimi nimepima, ninayo, nina mipango yangu na daktari wangu, hiyo ni habari ya siku nyingine.

Vidonge vilishikilia miezi 5 tu. Ikarudi mara ya pili, safari hii karibu na utumbo, na tukawa kwenye lile kundi la kugoma. Hapa ndo familia nyingi zinapasuka na sisi tulipasuka kidogo. Kaka yuko mbali, kila usiku anatuma linki, dawa mpya hii, mitishamba ile, mtu fulani alipona. Kwenye mitishamba nilikuwa mkali, siyo kwa dharau, ni kwa sababu baadhi zinagongana na dawa za hospitali kwenye ini, kwa hiyo hakuna kinachoingia mdomoni bila daktari kukiona. Kwenye majaribio ya dawa mpya kaka alikuwa na hoja na nakushauri uulizie mapema kuliko sisi, mengi yanaweka ukomo wa idadi ya kemo ulizopitia, ukisubiri hadi mwisho mlango unakuta umefungwa. Uliza pia kama uvimbe umepimwa kipokezi cha foleti, protini inayokaa juu ya seli za kansa, kuna dawa iliyopitishwa kwa wenye kiwango kikubwa, ila inasumbua macho. Wa mama haukufikia kiwango.

Maswali niliyojifunza kuuliza yalikuwa machache na ya kizamani tu. Hii dawa inatafuta nini, kupunguza uvimbe, kuzuia usikue, au kupunguza maumivu? Katika watu kumi kama mama inawasaidia wangapi? Tutajua lini kwamba haifanyi kazi? Na tusipofanya chochote itakuwaje? Hilo la mwisho niliogopa kuliuliza miezi mingi, mama ndo aliliuliza. Daktari akajibu bila kuzunguka kwamba kemo ya dawa moja kwa kansa iliyogoma inapunguza uvimbe kwa mmoja au wawili katika kumi, paklitakseli ya kila wiki inafanya vizuri kidogo zaidi, bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe, ingeongeza nguvu ila kwa sababu ugonjwa umekaa kwenye utumbo anaogopa utumbo kutoboka. Mama akachagua paklitakseli, kwa sharti lake, mizunguko miwili halafu tunaangalia.

Ilikuwa migumu. Vidole vilishakuwa na ganzi tangu kemo ya kwanza, sasa vikafa kabisa. Asubuhi moja nilimkuta anafunga blauzi, vifungo sita, nikasogea akanionyesha mkono wa kunizuia, nikakaa kitandani nikawa naangalia dirishani najifanya sioni. Alifika kifungo cha nne akaacha, akavaa gauni la kutumbukiza kichwa.

Siku ya kikao alikuja na kalenda, ameikunja kwenye mkoba. Akaweka kurasa mbili mezani. Mzunguko mmoja wa kemo ya pili, nyekundu 6, bluu 8, kijani 14. Mzunguko wa mwisho wa paklitakseli, nyekundu 9, bluu 12, kijani 7. Akauliza, daktari uvimbe umepungua? Umebaki vilevile, maji yameongezeka kidogo. Mama akasema, basi hii tuiache. Nikafungua mdomo, akanifinya goti chini ya meza kama nina miaka saba.

Daktari aliziangalia zile kurasa muda mrefu. Nimekaa vikao vingi na mama na sijawahi kuona karatasi ya maabara inaangaliwa vile. Ndo maana nawaambia watu waanzishe kalenda mapema, mgonjwa mwenyewe aweke alama, siyo wewe, kwa sababu we ukiandika utaandika unachokitaka. Mimi ningejaza kijani tupu.

Kaka alikasirika, akasema kwenye simu mmemkatia mama tamaa. Mama akaomba simu, akamwambia mwanangu njoo ukae na mimi siku 28 halafu ndo uniambie. Akaja kweli. Alikaa siku 9, hakutuma linki tena.

Tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso, tulichelewa, ingetakiwa ianze ile kansa iliporudi mara ya kwanza, sambamba na kemo, ila mi niliposikia hilo neno nilisikia kaburi. Wamempangilia dawa za maumivu kwa saa badala ya kusubiri yaanze, wametufundisha dalili za utumbo kuziba, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba, hapiti choo wala upepo, na namba ya kupiga usiku iko ukutani pembeni ya kalenda. Maji ya tumboni yakijaa hadi anapumua kwa shida wanayatoa kwa mrija mwembamba, mara ya mwisho lita 4, akatoka pale anatembea mwenyewe hadi kwenye gari.

Mwezi huu hadi leo kijani ziko 11. Jumanne tunarudi kutoa maji, na gauni ameshachagua, halina vifungo.