Ukipewa morfini, omba na dawa ya kufungua choo

Mgonjwa wa saratani akianza morfini, dawa kali ya maumivu, watu wa nyumbani hujiandaa kwa usingizi, kichefuchefu na maneno ya majirani kwamba "sasa kafikia dawa za mwisho". Habari ya choo haizungumzwi. Kwetu Tukuyu ilikuwa hivyo hivyo. Baba ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Maji ya morfini yalimpa usingizi ambao alikuwa ameusahau, lakini haikupita muda akaanza kuyakwepa. "Mwanangu, afadhali mgongo uniume," aliniambia. Tumbo lilikuwa limejaa na haja kubwa haitoki.

Wagonjwa wengi huacha dawa ya maumivu kwa sababu hii, kisha ndugu wanadhani ni ukaidi. Si ukaidi. Morfini, kodeini na tramadoli hupunguza mwendo wa utumbo. Chakula kinakawia ndani, maji yake yanazidi kunyonywa, na kinachobaki kinakauka. Kusinzia na kichefuchefu mwili huvizoea baada ya siku chache, ila kufunga choo hauzoei. Kwa hiyo dawa ya choo inatakiwa ianze pamoja na morfini na iendelee kila siku, si kungoja mpaka mambo yaharibike. Daktari akisahau kuiandika, mkumbushe kabla hujaondoka kliniki.

Baba aliandikiwa bisakodili. Wengine hupewa sena. Zote mbili huamsha utumbo baada ya saa 6 hadi 12 hivi, ndiyo maana humezwa usiku ili asubuhi zifanye kazi. Laktulosi ni ya maji matamu, huvuta maji kuingia kwenye utumbo, inaweza kuchukua hata siku mbili na huleta gesi. Kipimo aseme daktari, na akiongeza morfini muulize kama na hii inapanda. Walio kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, wajue pia kwamba dawa kama vinkristini, na hata ondansetroni ya kuzuia kutapika, hufunga choo.

Chakula kinasaidia, lakini peke yake hakishindi morfini. Tulimpa parachichi, mboga za majani na mapapai yanayopandishwa kutoka Kyela. Shida ilikuwa maji. Baridi ya Rungwe mwezi wa saba nani anataka kikombe cha maji? Tukaweka chupa ya chai yenye maji ya moto kando ya kitanda, naye akawa anakunywa kidogo kidogo. Aliyekushauri kumlisha pumba au nafaka zisizokobolewa kwa wingi, mwambie bila maji ya kutosha zinaweza kuziba zaidi.

Halafu kuna aibu. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana, kwa hiyo mke wangu, anayeshinda naye nyumbani, hawezi kumuuliza mzee kama amepata choo. Na mimi kumuuliza kila asubuhi ilikuwa inamkera. Tukampa daftari na kalamu: siku aliyopata anatia alama, choo kikiwa kigumu anaandika K. Daktari alilifurahia lile daftari kuliko maelezo yangu yote. Choo cha nje nacho kilikuwa tatizo, maana magoti hayachuchumai tena. Fundi seremala akatoboa kiti, tukaweka ndoo chini na kigoda cha kuinulia miguu. Anakaa hapo baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo wenyewe unapenda kusukuma, na mlango unafungwa.

Msikubali mgonjwa wa kemo apigwe bomba nyumbani au awekewe dawa kwa nyuma bila idhini ya daktari. Chembe nyeupe za damu zikiwa chini, mchubuko mdogo tu huko unaweza kuingiza maambukizi mabaya. Mafuta ya nyonyo na mitishamba ya kuharisha nayo msimpe. Akikaa siku kadhaa bila choo kisha akaanza kutoa majimaji, msikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha: huenda choo kigumu kimekwama na majimaji yanapita pembeni yake.

Siku tatu bila choo, piga simu kliniki. Tumbo likivimba, hata upepo hautoki na anatapika, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile miguu ikilegea au mkojo ukigoma, hasa kwa mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na hilo halingoji kesho.

Wanaokwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi wana mtihani wao. Safari ya basi kwenda Dar ni ya kutwa, na mgonjwa anaogopa kuomba basi lisimame achimbe dawa, kwa hiyo hali chakula wala hanywi maji, na wengine huficha hata vidonge vya choo. Wanafika wamefunga kabisa. Vidonge visiachwe. Muulizeni daktari mapema saa ya kuvimeza kulingana na safari, mgonjwa apewe maji kwa mafunda, na mtu mmoja aongee na kondakta kabla gari halijaondoka stendi. Kwa uzoefu wangu makondakta wengi wanaelewa wakiambiwa mapema, tena kwa sauti ya chini.